Vigango vya boma letu: vibaki, vipelekwe makumbusho, au viachwe vioze?

Mwana wa Ganze

Shikamooni wazee, na habari zenu ndugu zangu. Naomba ushauri juu ya jambo lililougawa ukoo wetu kwa muda mrefu, ambalo naamini linazigusa nyumba nyingi za Wagiriama na ndugu zetu wengine wa Mijikenda, hata kama si kila nyumba inayothubutu kuyasema haya waziwazi.

Babu yetu mzaa baba alikuwa mwanachama wa gohu, chama cha wazee wenye heshima. Baada ya kufariki kwake, wazee wenzake walisimamia kuchongwa kwa kigango chake, nacho kikasimamishwa bomani kando ya vile vya waliomtangulia. Kwa wasomaji wa mbali nieleze kwamba kigango ni ubao mrefu wa mti mgumu, aghalabu muhuhu, wenye kichwa na kiwiliwili kilichochanjwa pembetatu ndogondogo na kutiwa rangi. Hakiwekwi juu ya kaburi. Husimamishwa nyumbani, na hapo marehemu hualikwa akae pamoja na walio hai, amiminiwe tembo la mnazi, apewe chakula na aarifiwe mambo ya ukoo kama vile ndoa, ugonjwa, safari au ugomvi wa mashamba. Asiyeingia gohu husimamishiwa koma, kipande kifupi cha mti kisicho na nakshi nyingi. Vya kwetu bado vina alama za rangi nyekundu na nyeupe ndani ya michoro, na kile cha babu kingali na kitambaa kilichofungwa kiunoni, ijapokuwa jua limekichujua hadi hakijulikani tena kilikuwa cha rangi gani. Kimoja mchwa wamekipanda hadi usawa wa goti.

Kimoja kingine kiliibwa zamani, nami nilikuwa bado mtoto. Ami zangu wawili, ambao ni watu wa kanisa, wanataka vilivyobaki ving'olewe na kuchomwa, kwa sababu wanaviona kuwa ibada ya mizimu. Binamu yangu mmoja amefuatwa na dalali anayetaka kuvinunua, na siwafichi kwamba karo ya watoto inamfanya asikilize. Shangazi yetu, ambaye sasa ni mzee sana, amekataa katakata visiguswe. Sisi vijana tumesimama katikati bila kujua lolote, kwani hakuna hata mmoja wetu anayeweza kutamka maneno yaliyokuwa yakisemwa wakati wa kutambika, wala katika kijiji chetu hatujui mzee wa gohu aliye hai.

Nina maswali mawili. La kwanza, ni nani hasa aliyetufikisha hapa: wamisionari, serikali ya mkoloni, wafanyabiashara wa vinyago, au sisi wenyewe? La pili, tuvifanye nini?

Mzee wa Kaloleni

Marahaba mjukuu wangu. Swali lako la kwanza lina jibu refu, na nitalianzia kwenye kaya kwa sababu kigango hakiwezi kueleweka kikitengwa na mahali kilikotokea.

Wazee wetu waliishi ndani ya kaya, yaani vijiji vilivyozungukwa na msitu mnene, vyenye malango yake na fingo, yaani kago lililofukiwa ardhini kuulinda mji. Katika karne ya 19, hatari za vita zilipopungua na haja ya mashamba ilipoongezeka, watu walitoka taratibu wakajenga nje, lakini kaya ilibaki kuwa kiti cha wazee, mahali pa kuapisha, kuombea mvua na kukata mashauri. Wakati huohuo wageni walikuwa wamekwisha kufika. Mmisionari Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka 1846 yeye na mwenzake Rebmann wakaanzisha misheni yao Rabai. Wamethodisti walifuata Ribe mwaka 1862. Sisemi kwamba watu hawa walikuja na chuki. Hata hivyo walifundisha kwamba mtu hawezi kuwa msomi na Mkristo huku akiendelea kuwakumbuka wafu wake kwa njia ya wazee, na fundisho hilo liliingia katika nyumba zetu pamoja na shule, kiasi kwamba kukataa moja kulionekana kuwa kukataa yote mawili.

Pigo lililotuvunja mgongo, kwa maoni yangu, lilikuwa la serikali. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza na Wanje wa Mwadorikola waliwakusanya Wagiriama wakaapa kutotoa kodi wala vijana wa kwenda kufanya kazi katika mashamba ya wazungu. Mekatilili alikamatwa na kupelekwa mbali sana magharibi mwa nchi, akatoroka na kurudi. Mwezi wa Agosti 1914 Waingereza waliilipua kwa baruti Kaya Fungo, kaya kuu ya Wagiriama. Tafakari maana ya kitendo hicho. Hawakuua wazee wote, wala hawakukataza kwa sheria kusimamisha vigango, bali walikivunja kiti ambacho wazee walikalia ili wapate kusikilizwa. Tangu siku hizo mamlaka ya kuamua kesi yakaanza kuhamia kwa machifu walioteuliwa na serikali, na kijana akaona kwamba anaweza kumpuuza mzee wa kaya na asipatwe na jambo lolote.

Sasa nikujibu upande unaouma. Gohu ilikuwa na gharama. Aliyetaka kuingia aliwakaribisha wanachama karamu kubwa, na hivyo mali yake ikarudi kwa watu, naye akapata heshima ambayo hata kifo hakikuiondoa. Kijana wa miaka ya sitini na sabini aliyepata kazi Mombasa au katika hoteli za Malindi aliona afadhali kununua mabati na kulipa karo. Simlaumu, maana nami nilikuwa mmoja wa vijana hao. Lakini kila nyumba iliyoacha kuingiza mtu gohu ilipunguza idadi ya wanaojua, na walipopungua wanaojua wakapungua pia wanaoogopa. Zamani hakuna mtu ambaye angelala usingizi akiwa ameng'oa kigango cha mwenzake. Mgeni angeweza kuja na fedha zake zote, asipate wa kumwonyesha njia ya kuelekea bomani usiku. Kwa hiyo, mjukuu wangu, mgeni alilifungua lango, na aliyempokea ndani alikuwa mtoto wetu.

Msomi wa Makumbusho

Ninamshukuru mzee kwa maelezo hayo. Mimi nimefanya kazi ya kuorodhesha mali za kale za Pwani kwa muda mrefu, na ningependa kuongeza habari za biashara yenyewe, kwa sababu wengi wanadhani kigango kilichoibwa kimepotea kabisa.

Vigango vilianza kutafutwa kwa wingi na wauzaji wa sanaa katika miaka ya sabini na themanini. Aliyeking'oa alipata fedha kidogo, dalali akapata zaidi kidogo, na kilipofika Marekani kiliuzwa kwa maelfu ya dola. Wanunuzi wengi waliviona kuwa vinyago vizuri vya kusimamisha sebuleni. Baadaye walivitoa kwa makumbusho kama zawadi, na kwa njia hiyo mamia yake yakaingia katika ghala za makumbusho na vyuo vikuu vya nchi hiyo.

Kisa kinachofahamika zaidi kilianza mwaka 1985, pale mwanaanthropolojia Monica Udvardy alipompiga picha mzee mmoja Mgiriama akiwa amesimama kando ya vigango viwili vya ndugu zake. Muda si mrefu vikaibwa. Miaka mingi baadaye Udvardy alikitambua kimoja kwenye mkusanyiko wa makumbusho huko Illinois, na cha pili kikapatikana katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Baada ya madai ya muda mrefu vilirudishwa, na mwaka 2007 familia ikavipokea kwa sherehe. Mwaka 2014 makumbusho ya mambo ya asili na sayansi ya Denver yalitangaza kwamba yangerudisha vigango 30, ambavyo yalivipata mwaka 1990 kutoka kwa watu wa Hollywood. Mwaka 2022 makumbusho ya jimbo la Illinois yalikabidhi 37 kwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya.

Ukiyatazama matukio hayo kwa makini utaona tofauti kubwa. Vile viwili vilirudi katika boma vilikotoka kwa sababu kulikuwa na picha, jina na familia iliyoweza kusema kwamba ni vyao. Vingine vingi haviwezi kurudi hivyo, maana karatasi zilizoambatana navyo zinasema tu kwamba ni vya Wagiriama wa Kenya. Hakuna ajuaye ni vya nani, vilisimama katika boma gani, wala nani ana haki ya kuvipokea. Vinarudi nchini na kuingia ghalani. Wezi walichukua ubao, lakini aliyeachilia jina lisahauliwe alichukua kitu ambacho hakuna mahakama inayoweza kuamuru kirudishwe.

Juu ya sheria nitasema kwa kifupi. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inadhibiti usafirishaji wa vitu vya urithi nje ya nchi, kwa hiyo binamu yako na aelewe kwamba biashara anayoshawishiwa kuifanya inaweza kumfikisha mahakamani. Ipo pia sheria ya mwaka 2016 inayolinda maarifa ya jadi, inayozipa kaunti wajibu wa kuyaandikisha. Kule Marekani, sheria ya mwaka 1990 ya kurudisha mabaki na vitu vitakatifu inawahusu wenyeji wa asili wa nchi hiyo peke yao. Kila kigango kilichorudi Kenya kilirudi kwa hiari ya taasisi na kwa ushawishi wa watu.

Ushauri wangu: kabla ukoo haujaamua lolote, vipigwe picha mbele, nyuma na ubavuni, vipimwe urefu, na jina la kila marehemu liandikwe pamoja na jina la boma, la baba yake na la aliyesimamisha, ikiwa shangazi anayakumbuka. Nakala moja ipelekwe ofisi ya makumbusho iliyo karibu. Kazi hiyo ifanyike hata kama mwishowe mtaamua vioze.

Mhubiri wa Ribe

Amani kwenu. Naomba nisikilizwe kwa subira, kwa kuwa katika mjadala wa namna hii Mkristo huonekana mshtakiwa kabla hajafungua mdomo.

Mimi siamini kwamba marehemu anahitaji kumiminiwa tembo, wala sitaungana na wanaotambika. Imani hiyo sikuletewa na mzungu. Babu yangu alibatizwa na kufundishwa na Mmijikenda mwenzake, na kwetu kanisa lina zaidi ya vizazi vinne. Baada ya muda wote huo si haki kuniambia kwamba Ukristo wangu ni nguo ya kuazima. Utamaduni wetu pia ulikuwa na mambo ambayo sisikitiki yalipokoma, na wazee wenyewe wakisema kweli watakiri hivyo.

Hata hivyo siungi mkono kuchoma vigango, na ningependa ami za ndugu aliyeuliza wanisikie katika hili. Kuchoma ni kuonyesha woga. Anayeamini kwamba ule ubao hauna nguvu hana sababu ya kuuogopa, na anayeuchoma mbele ya shangazi yake mwenye umri ule anamwambia kwamba baba yake na kaka yake hawakustahili kukumbukwa. Amri ya kumheshimu baba na mama haikuishia kaburini.

Kuna jambo jingine linalonisumbua zaidi, nalo haligusi kigango peke yake. Katika Kaunti ya Kilifi wazee wameuawa na vijana wa koo zao wenyewe kwa kushukiwa uchawi, eti kwa sababu wana mvi na macho mekundu, na mara nyingi chanzo halisi ni shamba. Kule Kaya Godoma imebidi pajengwe makazi ya kuwahifadhi wazee waliotoroka nyumba zao. Mkoloni alitunga Sheria ya Uchawi mwaka 1925, nasi wahubiri kwa miaka mingi tukauweka uganga, utabibu wa miti shamba, tambiko na uchawi katika kapu moja. Wapo wenzangu ambao hadi leo wanamwita mchawi kila mzee anayevaa kaniki. Kijana aliyelelewa kwa mahubiri hayo, akitafuta kisingizio cha kurithi ekari mbili, anakipata kwetu. Hilo lazima sisi wa kanisa tulijibu, na tulijibu wenyewe bila kusubiri kuulizwa na serikali.

Binti Kinondo

Nawasalimu nyote kutoka Kwale. Sisi Wadigo kwa sehemu kubwa ni Waislamu, na kwetu vigango si desturi iliyozoeleka, kwa hiyo nitasema yale ninayoyajua.

Kaya Kinondo ingali imesimama, karibu kabisa na ufuo wa Diani, ambako ardhi inauzwa kwa bei ambayo mwenyeji hawezi kuitaja bila kushusha pumzi. Mgeni anayeingia hufungwa kaniki kiunoni na kuongozwa na mtu wa pale, hachumi jani wala haokoti kijiti. Mapato ya wageni hao husaidia jamii inayozunguka msitu. Wazee wengi wa kaya huswali msikitini kisha wakaingia kaya kwa shughuli zao, na ingawa wapo masheikhe wasiolipenda jambo hilo, msitu umehifadhika. Sehemu nyingine za Kwale hazikupata bahati hiyo. Kaya Diani ilimegwa na wenye hoteli na wenye viwanja, na katika kisiwa cha Chale, ambacho ni mahali patakatifu, hoteli ilijengwa wakati wazee wakilalamika.

Baadhi ya misitu ya kaya iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008. Mwaka uliofuata desturi zenyewe za kaya ziliwekwa katika orodha nyingine, ile ya mambo yanayohitaji kulindwa kwa haraka. Wengi hushangilia ile ya kwanza na hawaijui ya pili, ambayo kwa kweli ni tangazo la hatari. Miti inaweza kuzungushiwa uzio. Mzee anayejua mashauri ya ngambi, yaani baraza la wazee, na viapo vyake hazungushiwi uzio, na kijana hawezi kujifunza kwake kwa siku ya sherehe moja tu, akiwa amevalishwa hando, vazi la jadi, na kuchezeshwa mbele ya mgeni rasmi hadi gari la waheshimiwa liondoke.

Hapa ndipo ninapotofautiana kidogo na Msomi wa Makumbusho. Kuandika majina ni kuzuri, lakini ukoo wa ndugu yetu unahitaji zaidi kurudishiwa sababu ya kukusanyika. Kwetu wazee wana kazi: mvua ikichelewa wanaulizwa, mti ukikatwa wanaamua faini. Penye kazi kijana huja, hata kama haamini kila kitu, na akija anasikia.

Mwana wa Ganze

Nimesoma kila neno na nimewasomea ndugu zangu baadhi yake. Ami yangu mkubwa alinyamaza kwa muda aliposikia maneno ya Mhubiri wa Ribe, kisha akasema kuchoma kunaweza kusubiri. Kwangu hiyo ni hatua kubwa.

Lakini bado kuna tatizo. Shangazi anasema hawezi kutaja majina ya waliotangulia hivihivi, mbele ya simu ya kurekodi, bila tambiko. Anasema majina hayo hayaitwi bure. Sasa, ami zangu hawatakubali tambiko lifanyike, na bila tambiko yeye hatasema. Tufanyeje? Na je, kile kilicholiwa na mchwa kinaruhusiwa kutiwa dawa au kuwekwa sementi miguuni, kama wanavyofanya wengine kuzuia wezi?

Mzee wa Kaloleni

Shangazi yako yuko sawa, na msimlazimishe. Majina ya wafu wetu yana wakati wake wa kutajwa, na ukimfanya ayataje kama anayesoma orodha ya wadeni dukani utapata majina, ila atajiona ameivunja ahadi aliyompa baba yake.

Nenda kwake bila simu. Mpelekee kaniki mpya na tumbaku, kama desturi inavyotaka, ukae naye, umwombe akupe ruhusa wewe kama mtoto wa nyumba ile. Tembo kidogo katika kifuu cha nazi analoweza kulimimina mwenyewe, bomani kwake, asubuhi mapema, halihitaji ami zako wawepo wala wakubali. Si kigango kipya kinachosimamishwa hata ukoo mzima uitwe na ng'ombe achinjwe. Wanaotaka kuomba kwa njia ya kanisa waombe siku yao. Akishayataja, mwulize kama unaweza kuyaandika kwa mkono. Ninavyowafahamu wanawake wa umri wake, kalamu haitamsumbua. Kinachomsumbua ni sauti yake kubaki ndani ya mashine asiyojua itachezwa wapi.

Kuhusu mchwa na sementi, kwa kawaida kigango kikishasimama hakihamishwi, wala hakifanyiwi ukarabati kama nyumba. Kuoza kwake si aibu, kwa sababu kilichongwa kimsindikize marehemu kwa muda na hakikukusudiwa kudumu milele. Wanaovifungia kwa vyuma na sementi wamelazimishwa na wizi, na siwalaumu, ila msifanye hivyo kwa kile kilicholiwa, kiacheni. Kwa cha babu yako, ikiwa dalali amekwisha kuja na kuona njia, semeni na shangazi kwanza, halafu naibu wa chifu ajulishwe kwa maandishi, pamoja na picha alizozitaja Msomi.

Umesema hapo juu kwamba hamjui mzee wa gohu aliye hai. Kijijini kwenu huenda hayupo. Upande wa huku wako wachache ninaowafahamu, na mmoja wao aliwahi kushuhudia kigango kikisimamishwa mahali si mbali na kwenu. Mvua za vuli zikipungua na barabara ikipitika, nitamwomba tuje pamoja. Mwambie shangazi mapema, ili awe na muda wa kuamua kama anataka kutuona.